Marehemu Yuko Bafuni

Tulimwacha Clémentine kizingitini, ndoo ya maji ya sabuni mkononi, akiitazama bakkie ya kampuni ikiingia getini kinyumenyume. Mgongoni mwa gari hilo palikuwa na jeneza. Jeneza la mumewe.

Na mumewe alikuwa bafuni, amekaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea, anauliza kama bukari, ule ugali wa kwao, imeiva.

Kwa aliyefungia nyama gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, habari ni fupi. Marcellin ni mpasuaji mbao katika yadi ya Bwana Lourens, kule Malvern, nyuma ya Jules Street. Kosa lake ni kuwaambia wenzake waingie chama cha wafanyakazi. Hakudai mbingu. Alidai misumeno iwekewe kinga, na watu wapewe vitambaa vya kuzuia vumbi la mbao lisiwajae mapafuni. Kwa dhambi hiyo alipigiwa simu aende nyuma ya lundo la vumbi, na huko wanaume ambao hakuwaona sura walimvunja mbavu na mkono wakamwacha afe.

Hakufa. Ruphin alimkuta. Ruphin, rafiki yake wa kufa na kuzikana, baba wa ubatizo wa binti yao Sagesse, kiongozi wa kwaya, na tangu mwezi uliopita msimamizi pale pale yadini. Alimpakia garini, akamleta Turffontein, akamlaza kwenye kochi la Clémentine.

Kochi likaloa damu. Kulipokucha Clémentine akayatoa makochi yote uani ayafue juani. Hapo ndipo alipoharibu.

Mkongo akiona makochi nje, haulizi. Makochi hutoka nje kwa sababu moja tu: sebule inaachwa wazi, mikeka inatandikwa, wanawake wanaketi chini kulia. Jirani, mama yake Chloé, alichungulia juu ya ukuta, akaona kochi la watu watatu limeegemea mti wa mpichi, akapiga yowe. Kisha akapiga simu. Povu la sabuni lilikuwa halijakauka, turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshuka, na kwenye makundi ya WhatsApp picha ya Marcellin imeshawekewa mshumaa.

"Acha wamlie," Ruphin alimwambia Clémentine pembeni. "Mtu anayeliliwa hatafutwi tena. Tumfiche mpaka Jumatatu, shemeji. Jumatatu tu."

Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu siku hiyo wafanyakazi wa yadi walipaswa kuchagua: chama, au mkataba mpya wa Bwana Lourens unaokataza chama. Bila Marcellin kusimama mbele yao, hakuna ambaye angeinua mkono. Watu wameona yaliyompata aliyeinua mdomo. Kwa hiyo Marcellin alitakiwa abaki amekufa hadi Jumatatu asubuhi, kisha afufuke kwa wakati. Siri hiyo ilijulikana na watu watatu: Clémentine, Ruphin, na marehemu mwenyewe.

Sasa ilikuwa Jumamosi mchana, na kampuni ilikuwa imeleta jeneza.

*

Aliyeshuka kwanza ni Moffat.

Moffat ni Mkenya, meneja wa rasilimali watu, na hata matangani alikuja amevaa kadi ya kazi shingoni, labda malaika asije akamzuia getini. Nyuma yake alishuka binti wa ofisini mwenye simu kubwa ya kupigia picha. Mwisho akashuka Twalib, fundi seremala kutoka Tanga, ambaye hakumtazama mtu.

"Pole sana, mama," alisema Moffat, akamshika Clémentine mikono miwili, akageuza uso kidogo kuelekea kwenye simu. "Kwa niaba ya menejimenti. Marcellin alikuwa mtu wetu. Sisi kule kazini si kampuni. Sisi ni familia."

Twalib alikunja mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo. Vidole viwili vya mkono huo vilibaki kwenye msumeno wa familia. Familia ilimpa pole ya kofia yenye nembo.

"Asante, bosi," alisema Clémentine. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kweli kweli, si kwa kilio bali kwa kuchoka kunong'ona.

"Ilikuwa ajali mbaya," Moffat aliendelea. "Tumekuwa tukiwaambia vijana wasipite nyuma ya lile lundo. Usalama unaanza na wewe mwenyewe."

"Lundo lilimpiga mbavu zote?" Mama Masika aliuliza kutoka mkekani.

Mama Masika ni mkuu wa kina mama wa kanisa, mzaliwa wa Butembo, mwanamke wa kimo na kiuno, na hajawahi kuuliza swali kwa sauti ndogo. Moffat alimtazama, akatazama saa yake, akaamua kwamba hakusikia.

"Tumeleta sanduku," alisema. "Limetengenezwa palepale yadini. Mbao zetu wenyewe."

Wanaume walilishusha, wakalipitisha mlangoni, wakaliweka katikati ya sebule tupu. Lilikuwa jeneza zuri, hilo lazima lisemwe. Paini safi isiyo na vifundo, pembe zimepigwa msasa hadi zikawa laini kama shavu la mtoto, vishikio vya shaba. Ubavuni palikuwa na stika ndogo yenye nembo ya yadi, na namba ya simu kwa wateja.

Mama Masika aliibandua stika kwa ukucha, akaibandika kwenye soli ya ndala yake.

"Lakini kazi ni nzuri," mama yake Chloé alisifu, akapapasa mfuniko. "Tazameni. Hata vanishi imekauka."

Kina mama wengine wakapapasa pia. Kweli, imekauka. Wakakumbushana jeneza la marehemu Papa Exaucé, lililong'ang'ania kitenge cha mjane mpaka ikabidi kikatwe kwa mkasi. Wakakumbushana lile la Rosettenville, ambalo wabebaji walilibeba hadi makaburini, na wakati wa kuliachia halikutaka kuwaachia. Katika jiji hili mtu hufa leo, fundi hugonga usiku, na kesho waombolezaji hurudi nyumbani na viganja vya rangi ya asali. Kila mtu anajua.

Clémentine naye aliweka kiganja chake juu ya mfuniko.

Mkavu. Si ukavu wa juujuu. Haukuwa na hata harufu. Alikuwa msusi, mikono yake ilikuwa imezoea vitu vinavyokauka na visivyokauka, lakini hakuhitaji ususi kulijua hili. Hili jeneza halikugongwa jana. Wala juzi.

Na Marcellin alipigwa Alhamisi jioni.

Alisubiri Moffat aketi na apewe Fanta yake. Kisha akamwita Twalib amsaidie kuinua sufuria jikoni.

"Twalib, hili ulilipiga vanishi wewe?"

"Mimi, dada."

"Lini?"

Twalib aliinua sufuria ambayo haikuhitaji kuinuliwa, akairudisha palepale.

"Jumatatu," alisema. "Nilidhani la oda. Kipimo kilishuka kutoka ofisini, nikakata. Leo asubuhi ndiyo naambiwa ni la nani. Dada, mimi nina watoto wanne, na nyumbani wananitegemea. Sijakuambia kitu."

"Hujaniambia kitu," Clémentine alikubali. "Nenda ukale."

Alibaki ameshika ukingo wa sinki. Basi ilikuwa hivyo. Siku tatu kabla ya mtu kupigwa, jeneza lake lilikuwa linaanikwa kivulini likauke taratibu, lipendeze. Hawakumpiga kwa hasira. Walimpangia, kama mtu anavyopanga harusi. Akachungulia sebuleni, akamwona Moffat anapangusa mdomo kwa kitambaa, na moyoni akasema: Kipimo kilishuka kutoka ofisini kwako, wewe mwenye kadi.

Hakuwa amemaliza kumchukia aliposikia mlango wa bafu unalia.

*

Kumbe wakati yeye anahoji sufuria, Mama Masika alikuwa ameinuka mkekani. Sukari ilikuwa inamsumbua, na mtu wa sukari akiitwa na choo, hujibu papo hapo. Aliuona mlango, akausukuma, ukakataa. Akausukuma kwa nyonga. Komeo lilikuwa la kichina, nyonga ilikuwa ya Butembo.

Clémentine alifika wakati mlango umeshafunguka.

Marcellin alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni, mkono mmoja umefungwa kwa kitenge, mkono mwingine umeshika tonge la bukari njia panda kati ya sahani na kinywa. Jicho moja lilikuwa limevimba. Lile jingine lilimtazama Mama Masika.

Mama Masika hakupiga kelele. Alimtazama kuanzia juu hadi chini kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Marehemu," alisema. "Geukia ukutani kwanza. Mimi siwezi kungoja."

Marehemu akageukia ukutani.

Clémentine aliingia, akafunga mlango kwa mgongo wake, akaeleza yote kwa kunong'ona huku maji yakimwagika. Chama, lundo, makochi, Jumatatu. Mama Masika alisikiliza akifunga kitenge chake upya.

"Na mimi tangu jana nalia," alisema. "Nimelia mpaka dawa ya presha imeisha. Unakula bukari yangu niliyosonga kwa machozi."

"Ni nzuri, Mama Masika," Marcellin alisema kuelekea kwenye vigae.

"Nyamaza, umekufa. Mama Sagesse, nani mwingine anajua?"

"Ruphin peke yake. Ndiye aliyemwokoa."

"Mungu ambariki," alisema Mama Masika. "Sasa tutoke. Mimi nitalia kwa nguvu zaidi, ili wasihisi."

Akatoka, akalia kwa nguvu zaidi. Wanaume waliokuwa wanacheza drafti uani waliondoka kwenye mchezo kwa aibu. Lakini kilio hicho hakijafika nusu, Moffat akasimama, akaweka chupa tupu ya Fanta chini, akauliza kwa adabu bafu liko wapi.

Komeo lilikuwa limevunjika. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

"Pale," mama yake Chloé alionyesha kwa kidole, jirani mwema siku zote.

Moffat alipiga hatua ya kwanza. Mama Masika hakukatiza kilio. Alikihamisha tu. Alijiviringisha mkekani akilia hadi akaketi mbele ya mlango wa bafu, akaegemeza mgongo, akanyoosha miguu, akaujaza mlango wote.

"Haiwezekani, mwanangu," alisema. "Choo cha mjane mwanamume haingii. Mpaka maiti izikwe."

"Kweli?" aliuliza Moffat.

"Tangu lini?" aliuliza mama yake Chloé.

"Tangu mababu. Nyinyi wa Kinshasa mmesahau kila kitu." Akamgeukia Moffat kwa upole. "Mwanamume wa mwisho aliyeingia, kule kwetu, mpaka leo hajaoa. Wanamwita Kaka."

Moffat alikuwa na shahada mbili na mchumba Nairobi. Alipima hasara na faida, akaenda kuomba choo kwenye kituo cha mafuta karibu na taa za barabarani, wanazoziita robot. Clémentine akapumua kwa mara ya kwanza tangu bakkie iingie getini.

Na hapo ndipo Ruphin alipofika.

*

Ruphin aliingia amevaa nyeusi tupu, Biblia kwapani, akakumbatiwa na kila mtu. Wakati wa kumkumbatia Clémentine alinong'ona, "Anaendeleaje?"

"Anakula."

"Bon. Sikiliza. Nimefikiri jinsi ya kumwingiza yadini Jumatatu. Wameweka walinzi wapya getini, na gari jeupe linazunguka hapa mtaani tangu jana. Akitoka kwa miguu, hafiki kwenye kona. Lakini wewe niachie huyu." Akaonyesha kwa kidevu. Moffat alikuwa anarudi kutoka kituo cha mafuta, amefarijika.

Alipoketi, Ruphin aliketi karibu naye, akasafisha koo.

"Bosi, tumshukuru Lourens kwa sanduku. Liache hapa hapa. Jumatatu asubuhi nitalibeba na bakkie hadi mochwari, tumtie ndugu yetu ndani, twende makaburini. Ila kuna jambo la desturi. Kwa Wakongo, marehemu lazima apite kazini kwake kuaga."

"Kuaga kazini," Moffat alirudia.

"Lazima. Jeneza linasimama uwanjani, wenzake wote wanakusanyika, wanamwimbia, basi. Asipoaga, bado yuko kazini. Anarudi kila siku kushika zamu."

"Wafanyakazi wote?"

"Wote."

"Mashine zizimwe?"

"Utamuaga maiti na msumeno unapiga kelele?"

Moffat alijikuna chini ya kadi yake. Mama Masika, ambaye bado alikuwa ameziba mlango, aliona umefika wakati wa kutoa ushahidi.

"Kule Butembo kulikuwa na kinu cha kusaga," alisema. "Marehemu alinyimwa kupita. Basi mashine ikagoma. Walileta fundi, walileta Mhindi, walileta padri. Ikasaga siku walipokwenda kaburini kuomba radhi."

"Sisi tunaheshimu tamaduni zote," Moffat alisema haraka. "Iko kwenye sera yetu. Nusu saa."

"Saa nzima," alisema Ruphin.

"Saa nzima, lakini tupige picha." Sasa wazo lilikuwa limeanza kumkolea. Alitoa simu yake, akaanza kurekodi sauti itakayotumwa kwa wasimamizi wote. "Jumatatu saa mbili asubuhi, wafanyakazi wote uwanjani. Zamu zote mbili. Hakuna ruhusa, hakuna mgonjwa. Asiyehudhuria atakatwa siku yake. Ruphin atawasomea neno, kisha mimi nitazungumzia umoja."

Clémentine aliziba uso kwa kitenge.

Kwa miezi mingi Marcellin alikuwa amewabembeleza watu hawa wakutane hata dakika tano nyuma ya stoo, nao wakaogopa. Sasa kampuni yenyewe ingewakusanya wote, kwa gharama yake, na atakayechelewa kufika kwenye mkutano wa chama angekatwa mshahara. Mwenyekiti angeletwa kwa gari la kampuni. Amelala. Kwenye paini ya daraja la kwanza.

Mabega yakaanza kumtikisika. Alijaribu kujizuia, kicheko kikazidi, akakibana puani, kikatokea machoni.

"Mwacheni alie," alisema Moffat kwa huruma. "Ni vizuri kutoa uchungu."

Wakati wageni wanagawiwa chai, Ruphin alimkamilishia Clémentine mpango kwenye kona ya jiko. Yeye ndiye angeendesha. Angetoboa matundu ya hewa chini ya vishikio, pasipoonekana. Mfuniko angeufunga kwa skrubu mbili fupi tu, za kulegea, ili Marcellin akisukuma kwa mguu ufunguke mwenyewe, mbele ya watu wote, mbele ya simu za watu wote.

"Hakuna atakayethubutu kumgusa hapo," alisema.

"Wewe una akili, Ruphin," alisema Clémentine. "Bila wewe ningekuwa mjane wa kweli."

Ruphin alimpiga piga begani. "Shemeji, mimi na Marcellin tumetoka mbali."

Jumapili baada ya ibada alikuja na drili ya yadi, akajifungia na jeneza sebuleni. Drili ililia muda mrefu. Alipotoka alikuwa anapangusa vumbi la mbao kwenye suruali yake nyeusi, na hakukaa kula.

*

Jumatatu, jua likiwa halijavuka paa za jirani, Clémentine na Mama Masika walimtoa marehemu bafuni.

Uani waombolezaji walikuwa wanaimba wakingoja gari. Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa. Marcellin alivaa shati jeupe na ovaroli yake ya kazi, kwa sababu alisema akifufuka kwa suti hawatamtambua. Alikuwa amerudia hotuba yake usiku kucha, mpaka Clémentine akamwambia aifupishe, watu hawatasimama kusikiliza maiti inayohutubia kama mbunge.

"Nikitoka nitasema hivi," alisema. "Nitasema: mliambiwa nimekufa kwa sababu ya kudai kinga ya msumeno. Basi nimerudi kuichukua."

"Hiyo inatosha," alisema Clémentine. "Ukiongeza neno moja nakufungia mimi mwenyewe. Lala."

Walimshika makwapa kwa uangalifu, kwa ajili ya mbavu. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akajilaza.

Lilimkaa.

Lilimkaa mno. Visigino viligusa ubao wa chini bila kukunjika. Kichwani ilibaki nafasi ya kutosha mto mwembamba, si zaidi. Mabega yaliingia bila kusugua, na Marcellin si mtu wa mabega ya kawaida. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa kwaya.

"Ajabu," Mama Masika alisema. "Mume wangu hata suti ya harusi haikumkaa hivi."

Clémentine alikuwa amepiga goti, anapapasa chini ya vishikio. Alipapasa upande wa kushoto. Akazunguka, akapapasa upande wa kulia. Ubao ulikuwa laini, msasa mtupu.

"Matundu yako wapi?" aliuliza.

"Matundu gani?"

"Ya hewa. Ruphin alisema atatoboa chini ya vishikio. Jana drili imelia saa nzima, alikuwa anatoboa nini?"

Mama Masika aliinua mfuniko uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaupeleka karibu na pazia, kwenye mstari wa mwanga. Matundu yalikuwepo. Yalizunguka ukingo wote wa mfuniko, pande zote nne, karibu karibu, kama vifungo vya kanzu ya padri. Hayakuwa matundu ya mtu wa ndani kupumua. Yalikuwa matundu ya skrubu.

"Labda amekosea," alisema Marcellin kutoka ndani ya jeneza. "Ruphin si fundi mzuri sana wa drili."

Clémentine alisimama. Neno moja lilikuwa limekwama kichwani mwake tangu Mama Masika alitamke, na sasa lilianza kumkereketa.

"Baba Sagesse," alisema polepole. "Zile suti za kwaya. Za Pasaka. Mlipimwa lini?"

"Suti? Unauliza suti saa hii?"

"Lini?"

"Si muda mrefu. Wiki moja kabla ya..." Akajaribu kuinuka, mbavu zikamkatalia. "Ruphin ndiye aliyenipima. Alisema wengine atawapima baadaye, fundi wa cherehani anaanza na warefu."

"Alikupima wapi?"

"Kazini, wakati wa mapumziko. Kwa futi ya kamba."

"Umesimama?"

Marcellin alifungua kinywa. Alikuwa na jibu tayari, kisha jibu lenyewe likamtazama, akalitazama.

"Hapana," alisema. "Nililala kwenye benchi la randa. Alisema ndivyo inavyotoka sawasawa. Akaanzia utosini, akamalizia kisiginoni. Nikamtania, nikamwambia, ndugu, mbona unapima na kichwa, utanishonea na kofia?"

"Akasema nini?"

"Alicheka."

Uani walikuwa wanamalizia beti. Clémentine aliyapanga mambo moja moja, kama anavyopanga nywele kabla ya kusuka. Kipimo kilishuka kutoka ofisini, lakini ofisini kilipanda kutoka kwa nani? Lundo la vumbi la yadi lile ni kubwa kama nyumba, na gizani Ruphin alimkuta Marcellin bila kumtafuta. Acha wamlie, alisema Ruphin. Sanduku libaki hapa, alisema Ruphin. Apite kazini, alisema Ruphin. Hata Moffat, na kadi yake, hakuwa ameomba chochote. Moffat alikuwa mjinga tu. Mjinga anayelipwa vizuri.

Walishindwa kumuua nyuma ya lundo. Safari hii walikuwa wamempa mkewe kazi ya kumlaza ndani, na kanisa zima kazi ya kumwimbia.

"Suti gani," Mama Masika alinong'ona, "hupimwa mtu akiwa amelala?"

"Toka humo," alisema Clémentine. "Toka, Baba Sagesse. Toka sasa hivi."

Lakini mtu mwenye mbavu zilizovunjika hatoki ndani ya kitu kinachomkaa kama ngozi. Walimvuta, akauma meno, akarudi chini. Walimvuta tena. Nje, bakkie iliingia getini kinyumenyume, na wimbo ukakatika.

Clémentine alifunua pazia kwa kidole. Ruphin alikuwa anashuka upande wa dereva, mnadhifu, Biblia kwapani. Safari hii hakuja na watu wa kwaya. Alikuja na wanaume wawili ambao hakuwahi kuwaona kanisani wala yadini, wenye viatu vizito, na hawakumpa mkono mtu yeyote. Waombolezaji waliwapisha kwa heshima, wakidhani ni wabebaji.

Mlango wa sebule uligongwa, taratibu, kwa adabu ya mtu wa nyumbani.

"Shemeji, mko tayari?" Ruphin aliita. "Amelala vizuri? Fungua basi, tusichelewe. Zile skrubu fupi sikuzipata, nimekuja na hizi ndefu."

Na nyuma ya mlango drili ililia mara moja, kidogo tu, kama inavyolia mtu anapoijaribu kwanza.